Kumpimia Mama Gauni

Mimi nikiamua kushona, nyumba nzima hupata habari. Kwanza natangaza kwamba kuanzia sasa asionekane mtu na mkasi wangu mweusi mkononi. Halafu naitoa cherehani ubavuni mwa kabati, naifuta vumbi, naitia mafuta kwenye kila tundu ninalolijua na mengine ya kubahatisha, na mume wangu anachukua kiti chake anahamia nje. Yeye ni mtu wa Gairo, amefanya kazi kiwandani Mzinga mpaka akastaafu, mashine hazimtishi. Kinachomtisha ni mimi nikiwa kwenye mashine.

Safari hii kazi ilikuwa gauni la mama yangu mzazi, na haikuwa kazi ya mchezo. Binti yetu alikuwa anaolewa. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na nyumbani kwetu bi harusi hatoki chumbani mpaka bibi mzaa mama aingie, amfunike khanga, amshike mkono na kumtoa yeye mwenyewe. Shehe atasubiri, bwana harusi atasubiri, wapiga picha ndio kabisa. Bibi akiwa hai na asije, binti anatoka kama mtu asiye na kwao, na ukoo wetu haujui kusahau. Halafu binti mwenyewe alilelewa na bibi yake mlimani tangu alipoacha kunyonya mpaka alipoteremka kuanza sekondari. Aliniambia bila kuzungusha: "Mama, bibi asipokuja, mimi sitoki." Namjua. Kichwa amekirithi kwangu.

Na mama alikuwa hataki kuja. Nilimpigia simu, akasema ana maharage ya kupalilia. Nikapiga tena, akasema njia ina utelezi. Mara ya tatu akasema hana nguo ya kuvaa mbele za watu. Nikamwambia nina magauni kabati zima, achague. Akasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nikamwambia basi nitamnunulia dera jipya sokoni. Akauliza tangu lini watu wanakwenda harusini na nguo ya kulalia.

"Basi nitakushonea," nikasema, maana uvumilivu wangu ulikuwa umefika mwisho. "Nitakushonea mwenyewe kwa mikono yangu. Hapo utakuwa na sababu gani?"

Nilisikia jogoo wake akiwika upande wa pili wa simu. "Haya," akasema. "Shona tuone."

Hilo lilinitosha. Niliamka asubuhi yake nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Watu wengi wanadhani kushona ni pale mguu unapokanyaga cherehani. Hapana, huko ni kumalizia tu. Kushona kwenyewe ni maandalizi, na mimi maandalizi ndiyo nayapenda kuliko hata nguo. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Nikaanza na kitambaa. Kamati ya harusi ilikuwa imeamua kwamba wanawake wa upande wetu wavae zambarau, baada ya kugombana kwenye simu kwa majuma mazima, wengine wakituma picha za rangi ambazo hata Mungu hajaziumba. Dukani mjini muuzaji alinitandikia kitambaa kinachong'aa kama karatasi ya peremende. Nilikikunja ngumini, nikafungua, hakikuwa na hata kunyanzi moja. Maana yake ni plastiki tupu, na Morogoro ya Desemba ukimvika mtu mzima plastiki unataka kumpika. Nikaomba cha pamba. Akaleta kimoja, nikalamba kidole nikasugua pembeni, rangi ikabaki kidoleni. Akaleta kingine. Akaleta na kingine.

"Mama, mchagua jembe si mkulima," akaniambia, amechoka.

"Ni kweli, mimi si mkulima. Mkulima ndiye atakayelivaa, na huyo ana maneno kuliko mimi."

Tulipata cha pamba nzito kidogo, zambarau iliyotulia, na nikasema nikatiwe kingi. Mama yangu ni mtu wa mwili. Utotoni mwangu akipita sokoni na tenga la ndizi kichwani watu walikuwa wanampisha, na si kwa sababu ya tenga. Gauni lake halishoneki kwa kipande cha kubania.

Kitambaa kilipofika nyumbani nikakitia kwenye beseni la maji na chumvi. Mume wangu alipita akasimama. "Unafua nguo ambayo bado haijawa nguo?" akauliza. Nikamweleza kwamba pamba ikiguswa na maji mara ya kwanza husinyaa, na afadhali isinyae kwenye beseni kuliko mwilini mwa mama mkwe wake. Hapo alikubali haraka sana. Nilikianika kivulini jua lisije likakichuja rangi, nikakipiga pasi kikiwa bado na ubaridi wa maji, nikakikunja nikakiweka juu kabisa ambako kuku hawafiki.

Uzi nao una mambo yake. Huwezi kusema "nataka uzi wa zambarau" ukaletewa uzi wa zambarau. Nilikata kipande kidogo cha kitambaa nikaenda nacho dukani, nikatoka na vigurudumu vya uzi mpaka nje juani kulinganisha, maana taa za madukani ni waongo wakubwa. Bitana nikachukua ya pamba nyepesi. Zipu nikaikataa. Zipu ya mgongoni inataka mtu mwingine wa kukufunga, na mama si mtu wa kuomba kufungwa. Nikachagua vifungo vya mbele, vikubwa, vya kushikika na vidole vyenye umri. Sindano za cherehani nikanunua mpya, kwa sababu sindano butu huivuta pamba nyuzi, na mimi nyuzi zikivutika huvutika nazo.

Karatasi ya kuchorea nilikuwa nayo tangu tulipojenga choo. Mifuko ya saruji, ile ya ndani, ukiikung'uta vizuri na kuinyoosha ni karatasi imara kuliko magazeti. Niliitandaza sebuleni, nikaweka chaki, rula, pini kwenye kopo lake, na pasi pembeni. Nikanyoosha mkono kuchukua mkasi. Mkasi haukuwepo.

Nilimkuta baba watoto nyuma ya nyumba anakatia waya wa banda la kuku. Mkasi wangu mweusi, ambao sikati nao hata karatasi, yeye anakatia waya. Sitasimulia niliyosema. Majirani wawili walifunga madirisha. Alipita mnoa visu na baiskeli yake, mume wangu akamkimbilia mwenyewe bila kutumwa, akasimama pale mpaka mkasi ukakata unywele, akaniletea ameufunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Nikamsamehe, ila sikumwambia siku ile ile.

Basi kila kitu kilikuwa tayari, kimebaki kitu kimoja tu: vipimo. Nikatia futi ya kupimia mkobani nikapanda mlimani.

Bodaboda inakufikisha mpaka pale barabara inapokata tamaa, kutoka hapo ni wewe na magoti yako. Vuli ilikuwa imeanza, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mimi niliyetoka mjini natokwa jasho nilifika natetemeka. Mama nilimkuta jikoni kwenye kigoda, karibu na moto, amevaa anavyovaa siku zote kule juu: gauni, sweta, khanga kiunoni, khanga begani na kilemba. Tangu baba afariki anaishi peke yake katika ile nyumba, na hataki kusikia habari ya kuhama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepungua wewe. Huko mjini hamli?"

Akainjika sufuria. Alipika ugali, maharage ya nazi na mboga za shambani kwake, tukala sahani moja, na alikula vizuri, mwishoni akakomba maharage yaliyobaki wakati mimi nimeshanawa. Nilifurahi kumwona hivyo. Nikaona wakati umefika, nikatoa futi mkobani.

Aliiona, akasogeza kigoda nyuma. "Hiyo ya nini?"

"Nikupime, mama. Mabega, kifua na kiuno. Si dakika nyingi."

"Unipime? Nani kakwambia nimekufa?"

Kwa wazee wa kwetu kupimwa si jambo dogo. Wanasema mtu hupimwa mara moja, siku ya sanda. Nilikuwa nalijua hilo, lakini nilidhani kwa gauni la harusi atalegeza. Nikamwambia mbona watu kila siku wanapimwa kwa mafundi na wanarudi nyumbani wazima.

"Hao hawajafika umri wangu," akasema. "Mimi siku ya kupimwa nitakuwa nimelala, na wala sitalalamika kwamba inabana."

Nilicheka, naye akacheka, lakini futi haikumgusa. Nikambembeleza, nikanuna, nikajaribu hata kumtaja mjukuu wake. Akaniambia, "Umebebwa kwenye mgongo huu, leo unaniuliza upana wake?" Hapo nikajua nikizidi kusukuma atasema haji tena, na harusi itakwama mlangoni.

Nikaamua kumwibia vipimo. Nilimwomba nimkande mabega, maana alikuwa amelima, akakubali. Nikamkanda juu ya sweta huku napima kwa shibiri, kutoka bega hili mpaka lile, nahesabu kimoyomoyo na kinywani naimba. Halafu nikasema khanga yake ya kiunoni imelegea, nikaizungusha upya juu ya nguo zake, na pale ncha ilipokutana na upande wa pili nikatia kifundo kidogo. Nikasema ina doa, naondoka nayo nikaifue. Kuhusu urefu, alisimama mlangoni kumfukuza mbuzi wa jirani, nikaona bega lake limefika sawa na msumari wa kutundikia taa. Alipotoka nikapima kuanzia msumari mpaka chini. Nilijiona mjanja kweli. Nilishuka mlima nikicheka peke yangu, na kifurushi cha magimbi mgongoni.

Nyumbani nilifungua khanga, nikapima mpaka kwenye kifundo, nikalinganisha na shibiri zangu. Vyote vilikubaliana na mama ninayemjua. Sikuwa na shaka hata chembe. Nikachora kwenye karatasi ya saruji, nikakata, nikashona, na cherehani haikunikatia uzi hata mara moja. Nililipiga pasi mshono kwa mshono. Mume wangu alilitazama likiwa limetundikwa mlangoni akasema, kwa heshima zote, kwamba hilo ni gauni.

Siku moja kabla ya harusi mama alishuka. Bodaboda ilimleta mpaka getini, na wanawake waliojaa uani wakichambua mchele walimpokea kwa vigelegele. Binti yangu alikuwa ndani, haruhusiwi kutoka, ila nilimsikia akicheka kwa sauti dirishani. Mimi moyo ulinitulia kifuani. Amekuja. Kesho mtoto wangu atatoka.

Mama alikuwa amevaa vilevile kama mlimani, sweta na kila kitu. Nikamwingiza chumbani kwangu ajaribu gauni, akalivaa juu kwa juu, juu ya nguo zote alizokuja nazo. Likamkaa. Nasema likamkaa, mabega yamelala, vifungo vimefunga bila kuvutana. Akatoka nalo uani, akageuka mara moja, wanawake wakapiga vigelegele tena na mmoja akasema bibi umenawiri. Nilivimba kichwa. Nikaanza kueleza habari ya chumvi na beseni kwa watu ambao hawakuuliza.

Tuliporudi chumbani niliona jasho linamchuruzika kutoka chini ya kilemba mpaka shingoni.

"Mama, vua sweta basi."

"Nasikia baridi."

"Baridi Morogoro? Kuku wenyewe huko nje wanahema."

"Mimi ni wa mlimani. Niache na baridi yangu."

"Kesho utakaa chini ya turubai saa nzima na sweta chini ya gauni? Utaanguka. Vua, nilitengeneze likukae bila sweta."

"Kama ni kuvua, nirudisheni kwetu," akasema, na sauti ilikuwa si ya utani. "Mtoto mtamtoa wenyewe."

Nilikuwa na jibu, majibu huwa hayanipungukii, lakini sikulisema. Alishika ubao wa kitanda, macho yakampotea, akaanza kuanguka. Nikamdaka nikamkalisha. Nikafunga mlango kwa ufunguo na kuanza kumvua, na safari hii hakuwa na nguvu za kunizuia.

Nilivua gauni langu. Chini yake kulikuwa na sweta. Chini ya sweta, sweta jingine, la marehemu baba. Halafu gauni, halafu gauni jingine, na kiunoni khanga imezungushwa na kuzungushwa ikabanwa kwa pini. Nilivua, nikavua, na mama bado sijamfikia. Mwisho alibaki na shumizi, nami nikakaa sakafuni.

Mabega niliyoyapima kwa shibiri yalikuwa mifupa. Mikono iliyokuwa ikipandisha tenga la ndizi kichwani bila msaada ilikuwa myembamba kuliko ya binti yangu. Nilikuwa nimemshonea gauni mama ambaye hayupo, na huyu aliyepo sikuwa nimemwona. Nilikasirika. Ndivyo nilivyo, la kuniliza hunikasirisha kwanza.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Mama, usinifanye mtoto."

"Siumwi, nakwambia. Nilikwenda zahanati, wakatazama damu, wakatazama kila kitu, hawakuona ugonjwa. Wakaniuliza nakula nini."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nakula." Akatazama dirishani, ingawa pazia lilikuwa limefungwa. "Nakunywa chai. Siku nyingine nachoma kiazi."

"Chai? Magimbi unatuletea sisi kwa magunia. Ndizi zinaiva mpaka zinaliwa na ndege. Nilikuja majuzi tu, tukala ugali, uliumaliza."

"Ulikuja, ndiyo maana nilipika. Wewe ukija nakula. Tatizo ni ukiondoka." Alikuwa anasema taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kapu. "Baba yako alipokuwepo nilikuwa napika, hata akiwa hana hamu nilipika. Sasa nikiinjika sufuria namwinjikia nani? Chakula cha mtu mmoja kinakusimanga. Unakitazama, kinakutazama, unaona afadhali ulale."

Nje walikuwa wanacheka kuhusu jambo fulani na mchele ulikuwa unapepetwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema, na niliuliza kwa ukali, kwa sababu kama ningeuliza kwa upole ningeshindwa kumaliza swali.

"Nikisema mtanileta hapa. Mtanipa chumba na televisheni, nitakaa kama mgeni mpaka nife. Mimi nina shamba. Shamba la mama yangu, na kabla yake la mama yake. Ndiyo maana sikutaka kuja. Nilijua joto la kwenu litanivua."

Kumbe habari ya sanda haikuwa na lolote. Nilimtazama nikakumbuka nilivyoshuka mlima nacheka na khanga yake yenye kifundo, na nikalia. Yeye hakulia. Alinishika kichwa, akangoja nimalize, halafu akauliza swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi.

"Sasa gauni litakuwaje? Wameshaliona. Kesho likining'inia watajua wote."

Nikasimama nikachukua futi. Mama aliinua mikono mwenyewe, akaiweka pembeni kama mtoto anayevishwa sare ya shule. Nikapima mabega. Nikapima kifua. Nikapima kiuno mara mbili kwa sababu sikuamini. Halafu nikamvika gauni ndani nje, nikachora kwa chaki pembeni, nikatia pini, na nikachukua mkasi kuondoa kilichozidi.

"Usikate," akasema.

"Kimezidi sana, mama. Kikibaki kitakuwa kizito mbavuni."

"Kiwe kizito. Kikunje ndani. Nitaonekana nina kitu, na nikinenepa utafumua."

Nikakunja ndani. Nilikalia cherehani nikaanza kushona, mlango umefungwa, mama amejilaza kitandani kwangu na khanga moja tu, feni inampepea, na kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana amepumzika. Mume wangu akagonga. Alikuwa anaomba mkasi, kuna kamba za turubai zimegoma kukatika. Nilimjibu jibu ambalo mama mkwe wake hakupaswa kulisikia, na mama akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake alimtoa mjukuu wake. Aliingia chumbani na gauni la zambarau limemshika vizuri, mbavuni amejaa, akamfunika khanga, akamshika mkono. Binti yangu alipoushika ule mkono akanitazama. Amelishwa kwa mkono huo tangu utotoni, huwezi kumdanganya kwa mshono. Nikamtikisia kichwa kidogo, kwamba si sasa. Akaufunika mkono wa bibi yake kwa mikono yake miwili, wakatoka hivyo, na vigelegele vikaanza.

Baada ya nikaha wanawake tulikaa mikekani, sinia kwa sinia. Nilijipangia kukaa naye sinia moja, nimchungulie. Sikuwa na haja. Kushoto kwake alikaa mama mkwe wa binti yangu, kulia kwake jirani yetu mpiga domo, na katikati pilau. Mama alikula. Alibishana na yule jirani kuhusu iliki huku anakula, akamsogezea yule mama mkwe nyama huku anakula, na mkono wake haukukaa chini mpaka sinia likaonyesha maua yake.

Asubuhi nilimkuta anafunga mzigo wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu jana, chumba nimekitazama, godoro nimeligeuza, na mume wangu nimemwambia asibishe. Nikasimama mlangoni. Mama alikuwa amelikunja gauni kwa uangalifu na kuliweka katikati ya khanga zake, na hakuinua kichwa. Alikuwa ananisubiri nianze.

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nilichokiona ni lile jiko lake na kigoda kimoja.

"Sikuzuii," nikasema.

Akaendelea kukunja.

"Ila Ijumaa jioni nakuja, nashuka Jumapili. Ijumaa inayofuata nakuja tena. Wiki ambayo mimi sitaweza atakuja mkwe wako, na huyo unamjua, anakula kweli. Katikati ya wiki umwite yule jirani mwenye mbuzi, hata kama humpendi. Hata ukinifungia mlango nitakuja."

"Na hiyo futi yako?"

"Futi itabaki hapa. Nakuja kula."

Mama alikaza fundo la mzigo, akalijaribu kwa kulivuta, akanyanyua macho.

"Basi uje na njaa," akasema.